Gari la haibridi jipya au lililotumika: kipi kiamue?

Mtu anayetafuta gari lisilokula mafuta mengi, akishaamua kwamba atachukua la haibridi, yaani lenye injini ya petroli na mota ya umeme zinazosaidiana, hubaki na swali moja zito: alinunue likiwa jipya au lililokwisha kutumika? Wengi hulijibu swali hili kwa kulinganisha lita, wakiamini kwamba gari jipya, kwa kuwa linatumia mafuta kidogo zaidi, litarudisha taratibu ile tofauti kubwa ya bei. Kwa maoni yangu, makosa mengi huanzia hapo. Kati ya gari la haibridi jipya na la zamani lililotunzwa vizuri, tofauti ya mafuta ni ndogo, na peke yake haiwezi kulipia tofauti ya bei katika muda ambao mtu wa kawaida hukaa na gari. Fedha za ziada anazolipa mnunuzi wa gari jipya zinanunua vitu vingine: uhai wa betri, dhamana, utulivu wa moyo, na vifaa vya usalama ambavyo magari mengi ya miaka kumi na tano iliyopita hayakuwa navyo. Vitu hivyo vina thamani ya kweli, lakini ni vema mtu ajue kwamba ndivyo anavyovilipia.

Hesabu ya mafuta

Toyota Prius ni mfano mzuri wa kuanzia, kwa sababu ndilo gari la kwanza la haibridi kuzalishwa kwa wingi, likianza kuuzwa Japani Desemba 1997, na matoleo yake yanaonyesha jinsi teknolojia hii ilivyosogea hatua kwa hatua. Kwa vipimo vya Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani, toleo la pili, lililotoka 2003, hutumia wastani wa karibu lita 5.1 kwa kila kilomita 100. Toleo la tatu, la 2009, hutumia lita 4.7. La nne hutumia lita 4.5, na la tano, lililozinduliwa mwishoni mwa 2022, hufikia lita 4.1 katika aina yake inayobana mafuta kuliko nyingine.

Tumchukue mtu anayetembea kilomita 15,000 kwa mwaka. Akiwa na gari la kawaida la petroli linalotumia lita 8 kwa kilomita 100, atachoma lita 1,200. Akihamia kwenye Prius ya toleo la tatu, atachoma lita 705, na kwa hiyo ataokoa lita 495 kila mwaka. Akihamia moja kwa moja kwenye toleo la tano, atachoma lita 615. Hatua kubwa, basi, imo katika kutoka kwenye gari la kawaida kwenda kwenye la haibridi. Kutoka kwenye haibridi la zamani kwenda kwenye jipya kunaongeza akiba ya lita 90 tu kwa mwaka.

Ili kuona uzito wa lita hizo 90, njia nzuri ni kugeuza tofauti ya bei kuwa mafuta. Gawanya tofauti kati ya bei ya gari jipya na ya lililotumika kwa bei ya lita moja ya petroli mahali unapoishi. Ukipata, kwa mfano, kwamba tofauti hiyo ingenunua lita 5,400, basi itachukua miaka 60 kuirudisha kwa lita 90 kila mwaka. Hata ukisema gari la zamani limechakaa kidogo na sasa linatumia lita 5.2 badala ya 4.7, pengo litapanda hadi lita 165, na bado utahitaji karibu miaka 33. Dereva wa teksi anayetembea kilomita 60,000 kwa mwaka, akiwa na gari lisilochakaa, atahitaji miaka 15, na kufikia hapo gari lenyewe litakuwa limeshatembea kilomita 900,000. Fanya hesabu hii kwa bei halisi ulizoonyeshwa kabla ya kusikiliza maneno ya muuzaji yeyote, kwa maana ni fupi na hukata mjadala mrefu.

Wapo wanaochagua gari jipya kwa ajili ya mazingira, na nia yao ni njema. Hata hivyo, lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban kilo 2.3 za hewa ya ukaa, kwa hiyo lita 90 ni kama kilo 207 kwa mwaka, ilhali kutengeneza gari jipya, kuanzia chuma na alumini hadi betri, hutoa tani kadhaa kabla halijatembea hata kilomita moja. Kuliendeleza gari la haibridi ambalo tayari lipo barabarani si kuyasaliti mazingira.

Jihadhari pia na namba za matumizi ya mafuta zinazonukuliwa katika matangazo. Magari ya miaka tofauti yalipimwa kwa taratibu tofauti. Ulaya ilitumia utaratibu wa NEDC kwa miaka mingi, kisha kuanzia Septemba 2017 ikaanza kuhamia WLTP, ambao ni mkali zaidi na unakaribia hali halisi ya barabarani. Japani nayo ilikuwa na taratibu zake, ukiwamo JC08, ambazo zilitoa namba za kupendeza kuliko zile za Marekani. Matokeo yake ni kwamba gari la 2012 linaweza kuonekana kwenye karatasi linabana mafuta kuliko gari la 2023, na sababu ni kipimo kilichokuwa laini. Ukitaka kulinganisha kwa haki, tafuta namba za magari yote mawili zilizotolewa kwa utaratibu mmoja.

Tena, faida ya haibridi hutegemea njia unayopita. Kwenye foleni na katika barabara za mjini, ambako gari linasimama na kuondoka mara kwa mara, mota ya umeme hufanya kazi kubwa na nishati ya kufunga breki hurudishwa kwenye betri. Katika barabara kuu, ukienda mwendo mmoja wa kilomita 110 kwa saa kwa masaa mengi, betri haina mengi ya kufanya na faida hupungua. Anayesafiri hivyo kila siku hana sababu kubwa ya kulipa bei ya juu kwa ajili ya haibridi, liwe jipya au la zamani.

Betri ndiyo kiini cha uamuzi

Katika gari la kawaida lililotumika, mnunuzi huogopa injini na gia. Katika gari la haibridi huogopa betri kubwa, na hofu hiyo ina msingi, ingawa mara nyingi huelekezwa kusikostahili. Watu huuliza gari limetembea kilomita ngapi, ilhali swali lenye maana zaidi ni betri imeishi miaka mingapi na katika joto gani.

Betri za matoleo ya pili na ya tatu ya Prius zinatumia nikeli. Kila moja ina moduli 28, na kila moduli ina seli sita, jumla seli 168 zinazotoa volti 201.6. Kompyuta ya gari hairuhusu betri ijazwe chaji kabisa wala iishe yote. Huibakiza takriban kati ya asilimia 40 na 80, na nidhamu hiyo ndiyo iliyozifanya betri nyingi za aina hii kuishi zaidi ya miaka kumi. Kinachoziua ni joto, na joto hilo huletwa na mambo mawili yanayoonekana kwa macho. La kwanza ni hali ya hewa ya mahali gari lilipoishi na namna lilivyoegeshwa. La pili ni tundu dogo la hewa lililo pembeni ya kiti cha nyuma, ambalo feni hulitumia kuvuta hewa kutoka ndani ya gari ili kuipoza betri. Tundu hilo likizibwa na mizigo, au feni yake ikijaa vumbi na nywele za wanyama, betri hupikwa polepole bila mwenye gari kujua. Ndiyo maana hewa ya kiyoyozi ndani ya gari inaisaidia betri kama inavyowasaidia abiria, na dereva aliyezoea kuzima kiyoyozi wakati wa jua kali ili kuokoa mafuta huenda aliyaokoa kwa gharama ya betri.

Kutokana na hayo, gari lenye kilomita chache si lazima liwe na betri bora. Betri huzeeka kwa miaka hata isipotumika, na betri ya nikeli iliyoachwa miezi mingi bila kuendeshwa hupoteza chaji yenyewe, seli zake zikaanza kutofautiana. Kati ya gari la miaka kumi na miwili lililotembea kilomita 60,000 tu, likikaa juani muda mrefu, na la miaka saba lililotembea kilomita 140,000 kwa mwendo wa kila siku, mimi ningelitazama la pili kwanza.

Katika gari jipya, betri ni mpya na mara nyingi ni ya lithiamu, ambayo ni nyepesi na hubeba nishati zaidi kwa uzito uleule. Nayo huumizwa na joto, lakini mnunuzi wa kwanza anaanza nayo katika siku yake ya kwanza, na historia yote itakayofuata itakuwa mikononi mwake. Faida hii haionekani kwenye karatasi ya bei. Anayenunua gari jipya hahitaji kubahatisha tabia za mtu asiyemjua.

Dhamana ya betri inatuonyesha kile watengenezaji wenyewe wanachokiamini. Nchini Marekani, Toyota ilikuwa ikitoa miaka 8 au maili 100,000, ambazo ni karibu kilomita 160,000, na kuanzia magari ya mwaka wa 2020 ikaongeza hadi miaka 10 au maili 150,000, karibu kilomita 240,000, lolote litakalotangulia. Kampuni haiongezi dhamana kwa kifaa ambacho inatarajia kitakufa mapema. Hata hivyo, masharti hayo ni ya soko lile, na gari lililoingizwa kutoka nchi nyingine mara nyingi halitambuliwi na wakala wa mahali linakoendeshwa. Kwa hiyo usisomewe dhamana ya nchi ya mbali kama vile ni yako. Omba maandishi yanayotaja namba ya chesisi ya gari lenyewe.

Betri ya gari la zamani ikishindwa, mnunuzi ana njia tatu zisizolingana hata kidogo. Anaweza kununua betri mpya ya mtengenezaji, ambayo ni ghali lakini humpa karibu umri mpya wa gari. Anaweza kununua betri iliyotolewa kwenye gari lililogongwa, ambayo ni nafuu, lakini umri wake ni wa kubahatisha. Au anaweza kukubali fundi abadilishe moduli moja au mbili zilizokufa na kuacha nyingine. Njia hii ya tatu hupendwa kwa sababu ya bei yake, nami siishauri kwa mtu anayetaka kukaa na gari. Moduli zilizobaki zina umri uleule na ziliishi katika joto lilelile, hivyo huanza kufa moja baada ya nyingine, na ile mpya iliyowekwa katikati yao haiwiani nazo. Baada ya miezi kadhaa mwenye gari hujikuta kwa fundi tena, akilipa gharama za kushusha betri mara ya pili.

Kanuni ninayoiona kuwa ya haki ni hii: unapolinganisha bei ya gari lililotumika na ya gari jipya, iongeze gharama ya betri mpya kwenye bei ya lililotumika kama gari lina zaidi ya miaka minane, hata kama betri yake bado inafanya kazi leo. Ikiwa baada ya kuongeza gari bado ni nafuu kwa kiasi cha kuridhisha, ununuzi una msingi. Ikiwa unafuu wote umeyeyuka, basi ulikuwa unanunua matumaini.

Mengine yasiyokuwa betri

Kuna sehemu ambazo gari la haibridi lililotumika lina nafuu kuliko gari la kawaida la umri uleule. Katika mfumo wa Toyota, gia ni seti ya meno yanayozunguka meno ya kati kama sayari, inayounganisha injini na mota mbili, bila klachi na bila mkanda unaotumiwa na gia za kawaida zisizo na hatua (CVT), na hakuna stata wala altaneta ya kuharibika, kwa sababu mota zenyewe hufanya kazi hizo. Pedi za breki huishi muda mrefu, maana mwendo mwingi hupunguzwa na mota inapozalisha umeme kabla pedi hazijagusa diski.

Udhaifu nao upo, na hutofautiana kwa matoleo. Prius ya toleo la tatu inajulikana kwa njia ya kurudisha moshi kwenye injini, ambayo mafundi huiita EGR, kuziba kwa masizi. Isiposafishwa, joto la injini huwa si sawa katika silinda zote, na gasketi ya silinda hedi inaweza kuungua. Dalili yake ni injini kutetemeka kwa nguvu inapowaka asubuhi, na maji ya rejeta kupungua bila kuonekana yanakovuja. Gari la namna hiyo lenye kilomita nyingi lisinunuliwe kabla ya kujua kama EGR iliwahi kusafishwa. Inverta, yaani kifaa kinachobadili umeme wa betri uendane na mota, nayo hupozwa kwa mzunguko wake wa maji wenye pampu ndogo ya umeme, na pampu hiyo ikifa, gari huweza kupunguza nguvu au kusimama njiani. Ni kifaa kidogo ambacho mafundi wasiozoea haibridi hukisahau.

Pamoja na hayo, usiliweke gari jipya juu ya shaka zote. Matoleo yanayotoka kwa mara ya kwanza hubeba makosa ambayo hakuna mtu aliyekwisha kuyagundua. Honda Fit ya haibridi iliyotoka 2013, yenye gia mpya ya klachi mbili, iliitwa kurudishwa kwa wakala mara kadhaa katika muda mfupi kwa sababu ya programu ya kuiendesha gia hiyo. Februari 2014, Toyota iliita kurudishwa magari milioni 1.9 ya Prius ya toleo la tatu duniani kote kwa sababu ya programu ya inverta. Wenye magari mapya walitengenezewa bure, na hiyo ndiyo faida yao. Mnunuzi wa gari lililotumika naye ana faida ya namna nyingine: magonjwa ya gari lake yameshajulikana, na anaweza kuuliza, kwa namba ya chesisi, kama marekebisho hayo yalifanyika.

Katika usalama gari jipya linashinda waziwazi. Breki za dharura zinazojifunga zenyewe gari linapokaribia kugonga, tahadhari ya kutoka kwenye mstari wa barabara, na miundo ya bodi iliyopimwa kwa majaribio magumu zaidi ni vitu vinavyookoa maisha, na thamani yake haipimwi kwa bei ya lita. Familia inayosafiri usiku mara kwa mara ina haki ya kuvipa uzito mkubwa kuliko hesabu yote niliyotangulia kuifanya. Nguvu pia imeongezeka: toleo la nne la Prius lilikuwa na nguvu farasi 121 kwa jumla, na la tano linafika 194, huku likitumia mafuta kidogo zaidi, jambo ambalo hapo zamani lilidhaniwa haliwezekani.

Bei, mkopo na thamani inayobaki

Gari jipya hupoteza thamani kwa kasi zaidi katika mwaka wake wa kwanza na miaka michache inayofuata. Anayelinunua na kuliuza baada ya miaka mitatu amelipia sehemu iliyo ghali kuliko zote katika maisha ya gari, na mtu wa pili hufaidika kwa jasho lake. Anayelinunua jipya na kukaa nalo miaka kumi na miwili huigawa hasara hiyo kwa miaka mingi, na kwake ununuzi wa jipya unaanza kuwa na mantiki. Kwa hiyo kabla ya kuuliza gari gani, mtu ajiulize kwa uaminifu huwa anakaa na gari kwa muda gani.

Mkopo hubadilisha picha nzima. Riba ya gari jipya wakati mwingine ni ya chini, kwa sababu watengenezaji huipunguza ili kuuza, ilhali mkopo wa gari lililotumika huwa na riba ya juu na muda mfupi. Yule asiye na fedha taslimu asilinganishe bei mbili zilizoandikwa kwenye vioo, bali jumla ya malipo yote hadi siku ya mwisho, pamoja na bima, kwa kuwa gari jipya linalonunuliwa kwa mkopo karibu kila mara hulazimika kukatiwa bima kubwa.

Jambo ambalo hesabu hizi huliacha nje ni fundi. Nyaya za rangi ya machungwa chini ya gari la haibridi hubeba volti za kuua, na kazi juu yake humhitaji mtu aliyefundishwa kuchomoa plagi ya usalama, kusubiri umeme uliobaki utoke, na kupima kabla ya kugusa. Kama mahali unapoishi hakuna fundi wa namna hiyo wala spea, gari jipya lenye dhamana ya wakala aliye karibu linaweza kuwa chaguo la busara hata kama hesabu ya fedha inalikataa. Kama wapo, gari lililotumika halitishi tena. Nimeona watu wakibishana kwa siku nyingi kuhusu nusu lita, na hakuna aliyeuliza nani atalifungua gari siku litakapogoma.

Kulikagua lililotumika

Aliyeelekea kwenye lililotumika asikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Gari liwashwe likiwa limepoa kabisa, na muuzaji aambiwe mapema asiliwashe kabla hujafika, kwani injini iliyokwisha kupata joto huficha mengi. Kisha fundi achomeke kifaa cha kusoma kompyuta ya gari na kutazama volti za betri kwa makundi. Katika matoleo ya pili na ya tatu ya Prius makundi hayo ni 14, kila moja likiwa na moduli mbili na volti zipatazo 14.4. Gari likipanda mlima au likikanyagwa kwa nguvu, makundi yote yanapaswa kushuka na kupanda kwa pamoja. Kundi linaloporomoka zaidi ya wenzake kwa volti moja au zaidi ndilo litakaloanza kufa.

Msimbo wa hitilafu P0A80 ukitokea kwenye kifaa hicho, kompyuta inasema betri yote ichunguzwe ili ibadilishwe. Muuzaji asiye mwaminifu huweza kuufuta msimbo huo asubuhi ya siku unayokuja, na gari likatembea bila taa ya onyo kwa siku kadhaa. Ila ufutaji huacha alama: vipimo vya ndani ambavyo kompyuta hujifanyia yenyewe huonekana havijakamilika, na gari linalodaiwa kuendeshwa kila siku halina sababu ya kuwa hivyo. Mwombe fundi akuonyeshe ukurasa huo kwenye kifaa chake.

Wakati wa kuliendesha, tazama kipimo cha chaji kwenye dashibodi. Betri iliyochoka hujaa haraka na kuisha haraka, ikirukaruka kutoka chini hadi juu ndani ya dakika chache, na feni ya nyuma husikika ikivuma bila kupumzika. Usichanganye dalili hizo na zile za betri ndogo ya volti 12, ambayo hulisha kompyuta za gari. Hiyo ikichoka, gari hukataa kuwaka na taa nyingi za onyo huwaka kwa pamoja, na mtu huambiwa kwamba betri kubwa imekufa, kumbe tatizo ni kifaa cha bei ndogo. Wapo waliouza magari mazima kwa bei ya kutupa kwa sababu ya kosa hilo.

Inua zulia la buti na utafute tope, kutu kwenye boliti za betri, au harufu ya unyevu. Gari la kawaida lililopitiwa na mafuriko linaweza kukarabatiwa likadumu, lakini katika la haibridi maji yaliyofika kwenye betri na viunganishi vyake huendelea kula shaba kwa miezi mingi, nami nisingelichukua hata kwa nusu ya bei. Tazama na matairi pia: magari haya hutoka kiwandani na matairi yanayobiringika kwa wepesi barabarani, na mwenye gari aliyeweka mazito ya kawaida amepoteza sehemu ya ule ubanaji wa mafuta ambao wewe unaufuata.

Kati ya mapya na ya zamani

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba kuna gari jipya kabisa na gari la miaka kumi na kitu tu, ilhali kati yake lipo kundi ambalo, kwa mnunuzi mwenye uwezo wa wastani na asiyelitumia gari kwa biashara, mimi naliona bora kuliko yote mawili: gari la miaka mitatu hadi mitano lililonunuliwa na kuhudumiwa hapohapo nchini. Hasara kubwa ya thamani imekwisha kulipwa na mwingine, matumizi yake ya mafuta ni karibu sawa na ya jipya, vifaa vikuu vya usalama mara nyingi vimo, makosa ya mwanzo ya toleo lake yameshajulikana, na betri bado ina sehemu kubwa ya dhamana yake.

Sharti la mwisho ndilo la kuthibitishwa kwa maandishi. Dhamana ya betri huhesabiwa kuanzia siku gari lilipoanza kutumika barabarani, wala si siku wewe unapolinunua, na baadhi ya watengenezaji huitaka historia kamili ya huduma kwa wakala, au ukaguzi wa betri wa kila mwaka, ili iendelee kuwa hai kwa mwenye gari wa pili. Mpigie wakala mwenyewe, umpe namba ya chesisi, umwulize tarehe hiyo ya kuanza, kilomita zilizosajiliwa katika kila huduma, na kama dhamana inahamia kwa mnunuzi mpya bila ada. Kilomita alizozisajili zikizidi zile unazoziona kwenye dashibodi, odomita imerudishwa nyuma, na mazungumzo na muuzaji yameishia hapo.